Mrejesho: kioo cha mbele cha Swift Sport
Wakuu, nilileta swali la Suzuki Swift Sport yangu ya 2008 (namba ya modeli ZC31S): kokoto ya lori ilipiga kioo cha mbele, ufa ukakimbia hadi pembeni, na muuza spea mmoja akaniambia lazima kioo kiagizwe Japani. Si kweli. Bodi yake ni ile ile ya Swift ya kawaida ya kizazi hicho. Nimepata kioo Ilala, kimekaa sawasawa.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifunza. Fundi alikata gundi kwa waya, siyo bisibisi, akaacha tabaka jembamba la gundi ya zamani, akapaka praimeri (rangi ya awali inayosaidia gundi ishike), kisha gundi mpya kwa mstari mmoja usiokatika. Palipochubuka rangi nilimsihi apatibu kwanza, maana kutu ikianza pale gundi haishiki tena. Uliyenishauri hilo, Mungu akubariki sana.

Gari lililala pale pale usiku kucha, dirisha limeshushwa kidogo ili mlango ukifungwa hewa isisukume kioo kabla gundi haijakauka. Jana mvua kubwa ilinyesha, ndani hakuna hata tone. Nimefurahi mno.