Nimeambiwa ukuta wangu umeota ukungu kwa sababu tunapumua sana

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule baba mwenye nyumba, ambaye hakuna haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyewahi kupanga Dar es Salaam anamjua, ametoka chumbani kwangu sasa hivi. Alisimama mbele ya ukuta ambao tangu masika umekuwa mweusi kutoka darini hadi kwenye kitasa cha mlango, akapitisha kidole, akakinusa, kisha akanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya na kusema: "Ninyi mnapumua sana."

Tunapumua sana! Tuko watatu, na mmoja wetu ana miezi minane.

Ieleweke kwamba bafu lake liko juu ya chumba chetu cha kulala, na kila alfajiri anapoanza kuimba huko juu, hamalizi ubeti wa kwanza kabla maji hayajaanza kuteremka ndani ya ukuta wangu. Doa lilianza likiwa na ukubwa wa sahani. Sasa limebakiza kuomba hadhi ya wilaya. Suti yangu ya harusi imeota manyoya ya kijani begani. Nilipolalamika mara ya kwanza alileta fundi, si wa bomba bali wa rangi, akapaka nyeupe juu ya ukungu mbichi, na baada ya wiki mbili rangi ikavimba kama chapati. Kodi ya miezi sita aliipokea bila kuuliza tunapumua mara ngapi kwa dakika.

Mpangaji Mkongwe: Pole, mtoa mada. Kwa sasa pumueni kwa zamu, na mtoto apewe zamu ya usiku.

Mzee wa Koki: Tuache mzaha. Mvuke wa pumzi hutua kwenye pembe zenye ubaridi na nyuma ya makabati. Doa linalokua kila mtu anapooga juu ni jambo jingine. Mwagieni maji yenye rangi kwenye tundu la bafu lake, na yakitokea kwako na rangi ileile, bomba la maji machafu linavuja. Kama dari ni la jipsamu, kipande kilicholowa kikatwe na kutupwa, kwa sababu kuvu hula karatasi yake na jiki haifiki ndani. Lakini uvujaji uzibwe kwanza, maana kitu kilicholowa huweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48.

Mtoa mada: Nimwage maji bafuni kwa mtu aliyeniambia ninapumua sana?

Binti Ghorofani: Wako ana nafuu. Wangu ameweka tangi la lita 2,000 juu ya chumba changu, boya la kukata maji tangi likijaa limekufa tangu mwaka jana, na maji hufurika ukutani usiku kucha. Nilipomweleza, alinishauri nikinge ndoo nifulie bure.

Mtoa mada: Lakini hajakuambia unapumua sana.

Mzee wa Koki: Dada wa tangi, hilo boya ni la inchi ngapi? Ninalo moja la shaba ambalo halijawahi kufungwa.

Binti Ghorofani: La nusu inchi. Uko wapi, nimtume kijana kesho asubuhi?