Kupunguza vitu, kusitisha ununuzi au kununua kilicho imara: njia ipi ya kufikia maisha ya kiasi inadumu?

Mtafutaji

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia ambazo watu huzitumia wanapoamua kujitoa katika mbio za kununua. Mimi na mwenzangu tumeafikiana kuhusu lengo, ila njia ndiyo inayotugawa. Yeye anataka tutoe kwa mkupuo mmoja kila kitu tusichokitumia, nami naona heri tusitishe kwa mwaka mzima ununuzi wote usio wa lazima, kisha tupime ni kitu gani hasa tulichokikosa. Wapo wanaotushauri tununue vichache vilivyo imara, na wapo wanaosema kwamba yote hayo hayana uzito iwapo mtu anaendelea kufanya kazi saa zilezile. Ningependa kujua ni njia ipi inayosimama baada ya hamasa ya mwanzo kupoa.

Kijana wa Maktaba

Mtafutaji, njia ya mwenzako ina faida moja isiyopingika, nayo ni kwamba mtu anapovitoa vitu vyake sakafuni na kuvitazama vyote kwa pamoja, huona kwa macho yake fedha zilizokwenda bila kuleta manufaa. Udhaifu wake ni kwamba kabati tupu nalo hushawishi. Mwaka 1769 mwandishi Mfaransa Denis Diderot alieleza jinsi joho jipya la nyumbani lilivyovifanya vitu vingine chumbani mwake vionekane duni, hata akajikuta akivibadilisha kimoja baada ya kingine. Nimewaona watu wakirudia kisa hicho kinyumenyume: wanatoa samani zote za zamani, kisha wanaanza kununua samani nyingine zenye sura ya “usahili”, na gharama ya usahili huo inazidi ya zile za awali.

Jambo la pili ni kutotoa kwa kujilazimisha. Richard Gregg, Mmarekani aliyeishi India na kuandika kuhusu maisha sahili ya hiari mwaka 1936, anasimulia kwamba alimweleza Gandhi jinsi alivyoweza kuacha vitu vingi isipokuwa vitabu. Gandhi akamshauri abaki navyo maadamu vinamfaa moyoni, kwa sababu kitu kinachotolewa kwa kujitesa huendelea kutamaniwa. Kwa hiyo mwenzako akishika kitu na kusita, kibaki.

Mzee Randa

Mimi ni seremala, basi nitajibu hilo la kununua kilicho imara, maana watu wengi hulitaja bila kujua wanatazama nini. Bei kubwa peke yake haithibitishi uimara. Fungueni mlango wa kabati mkatazame mahali bawaba ilipofungwa. Kama ubao umetengenezwa kwa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, skrubu inashika vizuri mara ya kwanza, lakini mkiifungua ili kuhama na kuirudisha, tundu linapukutika unga, na safari ya tatu mlango unaning'inia. Mbao halisi inaweza kuzibwa tundu kwa kijiti na gundi, ikatobolewa upya na kuendelea kutumika kwa miaka mingi. Kiatu kilichoshonwa soli hubadilishwa soli, ilhali kilichogundishwa tu mara nyingi hutupwa. Kifaa ambacho betri yake haitoki bila kuvunja kasha kina umri uleule wa betri hiyo.

Wala si hisia tu kwamba baadhi ya bidhaa hufupishwa maisha kwa makusudi. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva na kuunda ushirika uliofikia kuweka kikomo cha saa 1,000 kwa balbu moja, ingawa zilikuwapo zilizodumu kwa saa 1,500 hadi 2,000, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu zaidi kilitozwa faini. Ushauri wangu ni kwamba njia hii itumike pale tu kitu cha zamani kinapokufa. Kutupa kabati zima ili kununua kabati “la kudumu” ni ulaji uleule uliovaa kanzu.

Bi Mizani

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini kabla ya kulinganisha tungekubaliana kwanza tunapima nini. Napendekeza tupime kiasi ambacho kaya inalazimika kulipa kila mwezi hata isiponunua chochote: kodi au mkopo wa nyumba, marejesho ya gari, bima, huduma za kulipia zinazojikata zenyewe kwenye akaunti, na riba ya kadi ya mkopo. Kaya inaweza kutoa nusu ya vitu vyake na orodha hiyo isipungue hata kidogo, ndiyo maana watu humaliza zoezi la kusafisha nyumba wakiwa na furaha na bado Jumatatu wanalazimika kukubali kazi ya ziada wasiyoitaka.

Hesabu yake si ngumu. Anayetumia asilimia 90 ya kipato chake anahitaji miaka 9 ya kazi ili aweke akiba ya kumtosha mwaka 1 bila kazi. Anayetumia asilimia 50 anajinunulia mwaka 1 kwa kila mwaka 1 wa kazi. Hapo sijahesabu faida yoyote ya uwekezaji. Kwa wanaofikiria kustaafu mapema, kanuni inayotajwa sana ni ile iliyotokana na kazi ya mshauri wa fedha William Bengen ya mwaka 1994 kuhusu masoko ya Marekani, kwamba akiba iwe takribani mara 25 ya matumizi ya mwaka. Maana yake ni kwamba kila shilingi 1 unayoiondoa katika matumizi ya kila mwezi inakupunguzia shilingi 300 za akiba unayohitaji (miezi 12 mara 25).

Kwa kipimo hicho, mwaka wa kusitisha ununuzi unaizidi njia ya kutoa vitu, kwa sababu unaonyesha matumizi halisi. Ila vitu vidogo havitoshi. Makazi na usafiri ndivyo vinavyobeba uzito, navyo huguswa mara chache kwa kuwa vinaonekana na majirani.

Mlezi wa Watatu

Dada Mizani, hesabu yako naikubali, ila mtu mzima mmoja hujipangia na kaya hujadiliana. Kupunguza saa za kazi kunaweza kuondoa pia bima ya afya na mchango wa pensheni, na mzazi hawezi kulichukulia hilo kama jaribio. Naomba pia tuseme wazi kwamba tunazungumzia hiari. Mtu anayeishi kwa kidogo kwa sababu hana zaidi hahitaji somo letu, na sipendi anapotolewa mfano wa “utulivu” na watu wanaoweza kurudi dukani wakati wowote.

Kwetu mwaka wa kusitisha ndio uliofaa, kwa kuwa tuliandika kanuni mapema: kilichochakaa kinabadilishwa, dawa na vifaa vya shule haviguswi, zawadi zina kikomo. Pasipo kanuni kila ununuzi unageuka kesi, na watoto ni mawakili hodari. Tulifuta pia kadi zilizohifadhiwa kwenye maduka ya mtandaoni na kuzima arifa za punguzo la bei. Kulazimika kunyanyuka kwenda kutafuta kadi na kuandika namba zote upya kunaua nusu ya matamanio.

Mtafutaji

Nawashukuru. Tumekaa na mwenzangu tukaandika orodha ya Bi Mizani, na huduma mbili zilizokuwa zikijikata zimefutwa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuziomba. Tutasitisha ununuzi kwa kanuni za Mlezi, na vitu tutavitoa chumba kwa chumba jinsi mwaka unavyosonga, bila kununua kabati lolote la kudumu, Mzee Randa. Suala la gari la pili bado linatugombanisha.

Bi Mizani

Kwa gari hilo, andikeni marejesho, bima, mafuta, matengenezo na kiasi ambacho thamani yake inashuka kwa mwaka, mgawanye kwa safari ambazo gari la kwanza lisingeweza kuzibeba. Mkishapata gharama ya safari moja, ilinganisheni na nauli ya teksi. Kama nauli ni ndogo, uzeni. Kama ni kubwa, bakini nalo na mliache suala hilo mpaka mkopo uishe.