Mke wangu wiki ya 33 anawashwa viganja na nyayo usiku, kipele hata kimoja hana. Ni nyongo au?

BabaRamla_Makorora
Wakuu habari za saa hizi, naomba madaktari na manesi mliomo humu mnisome mpaka mwisho manake leo siku ya tano sijalala. Mke wangu ana mimba ya pili, wiki ya 33 kwa hesabu ya kadi ya kliniki, anawashwa, na si kuwashwa kwa mbu wala joto la Tanga hili, ni viganja na nyayo. Mchana afadhali ila ikifika saa nne saa tano usiku ndo balaa, juzi nimeshtuka saa nane simuoni kitandani namkuta kasimama mlangoni gizani anasugua nyayo kwenye zulia la katani, nikawasha tochi ya simu naona damu. Ngozi haina upele, ni mikwaruzo yake mwenyewe tu. Halafu mkojo anasema umekuwa kama chai ya rangi.

Mama mkwe kashatoa hukumu, pweza. Zahanati moja tumeenda wakampa Piritoni, akalala saa mbili akaamka kuendelea na shughuli yake pale mlangoni.

Sasa mimi na kiherehere changu nikaingia mtandaoni nikakutana na utafiti wa panya wenye mimba, eti wakizibwa mrija wa nyongo kondo la nyuma linaharibika. Hapo ndo nimechanganyikiwa kabisa. Ina maana mke wangu mrija umeumia? Kondo ndo limeshaoza humo ndani? Nisaidieni jamani.

Kipara_wa_Ngamiani
Pole mkuu. Hilo zulia litoe mlangoni kwanza, katani ile ya kufungia meli unampa mjamzito akunie miguu 😅 Pweza muacheni apumzike, hana kosa.

MkungaMstaafu
Kipara acha utani kidogo baba, hili si la kuchekea.

Baba Ramla, mwanangu, nimezalisha miaka mingi na ukiniambia mjamzito wa miezi ya mwisho anawashwa viganja na nyayo, usiku kuzidi mchana, na hana upele, mimi siwazi pweza, nawaza ini. Kuna ugonjwa wa nyongo kutuama kwenye ini wakati wa mimba. Nyongo inatengenezwa na ini kisha inasukumwa kwenye mirija kwenda utumbo mwembamba kusaidia kuyeyusha mafuta, sasa homoni za mimba zikipanda, kwa wanawake wengine ule msukumo unalegea, asidi za nyongo zinarudi kwenye damu na ndo muwasho unapoanzia. Wengine wameurithi, utakuta mama mtu na dada mtu wote waliwashwa, muulize mama mkwe vizuri badala ya kubishana habari za pweza.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali kubwa, pale Bombo au popote penye maabara ya maana, mwambie daktari maneno hayohayo uliyotuandikia hapa, na la mkojo usilisahau. Aombe vipimo vya ini, kipimo cha asidi za nyongo kwenye damu, na kipimo cha homa ya ini maana nayo inaweza kujificha humo. Presha na protini kwenye mkojo lazima viangaliwe, wenye tatizo hili hupata kifafa cha mimba zaidi ya wengine. Akilalamika kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hapo hata kesho usingoje, ni usiku huohuo. Na mtoto akipunguza kucheza vilevile.

Mama_Twins_Chumbageni
Yaan shemeji umeandika maisha yangu. Mimi nilikuwa na mapacha, na nasikia mimba ya mapacha ndo inaongoza kwa huu ugonjwa. Nilikuwa natia miguu kwenye beseni la maji ya barafu ndo nalala, mume wangu akawa kila jioni anapita dukani kununua barafu za kwenye vifuko. Mahali fulani nilipoanzia kliniki niliambiwa ngozi ya mimba inavutika ndo maana, mara mbili nimerudi mara mbili jibu hilohilo. Ngozi ya unyayo inavutika na nini jamani?? Nilipopimwa kwingine damu ilibidi ipelekwe Dar, majibu yakakaa karibu wiki, kwa hiyo nyie muulize mapema sampuli inaenda wapi.

Nikaanzishiwa zile kapsuli za ursodioli, hazikunimaliza muwasho ila zilipoza. Nimejifungua mapema kwa mpango, wanangu wazima, na muwasho ndani ya siku chache ukawa umekatika kama umeme. Ila mkeo aambiwe kabisa, mimba ijayo unaweza kurudi, na vidonge vya majira pia vinaweza kuuamsha. Mimi nilimeza nikaanza kujikuna upya, nikahamia njia nyingine.

Mtu_wa_Maabara_TA
Nijibu la panya maana hilo hamjaligusa. Mkuu, wale panya mrija wao wa nyongo unafungwa kwa uzi makusudi ili nyongo ikose njia kabisa, halafu watafiti wanaangalia kondo linafanywaje na nyongo iliyojaa kwenye damu ya mama. Shemeji hajafungwa uzi. Mrija kuumia kweli ni habari nyingine, kama upasuaji wa kifuko cha nyongo umeenda vibaya, au jiwe limekwama, na jiwe linakuja na maumivu makali, homa, macho ya njano. Kwake yeye bomba ni zima, pampu ndo zimechoka.

Kondo nalo limeshajengwa siku nyingi. Mizizi yake huingia kwenye mishipa ya damu ya mji wa mimba na kuipanua katika nusu ya kwanza ya mimba, na ikishindwa kuipanua vizuri ndo mlango mmoja wa kifafa cha mimba, ndo maana wenye hatari kubwa hupewa aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12 hivi. Hili la nyongo linakuja baadaye. Mtoto tumboni naye ini lake linatengeneza asidi za nyongo na hana pa kuzitupa isipokuwa kwa mama kupitia kondo. We mtu wa pwani fikiria mtaro unaomwaga baharini, bahari ikipwa maji yanashuka, siku ya bamvua bahari inajaa yanarudi mtaani. Damu ya mama ikijaa nyongo, zinamrudia mtoto, na hofu kubwa ni mapigo ya moyo wake kuvurugika ghafla. Ndo maana altrasaundi nzuri ya leo haikuhakikishii kesho.

Namba ndo zinaongea. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, mimba za mtoto mmoja tu: asidi za nyongo kwenye damu ya mama zikiwa chini ya 40 maikromoli kwa lita, watoto waliofia tumboni walikuwa asilimia 0.13, 40 hadi 99 ni 0.28, lakini 100 kwenda juu ikaruka mpaka 3.44. Mwaka huohuo jaribio la Uingereza lenye wanawake 605 likaonyesha ursodioli haipunguzi madhara kwa mtoto, kwa hiyo kapsuli pekee zisiwape usingizi. Kinachosaidia ni kurudia kipimo na kupanga siku ya kuzaa kulingana na namba.

BabaRamla_Makorora
Nimerudi wakuu. Presha nzuri, homa ya ini hana, vimeng'enya vya ini vimepanda, asidi za nyongo 46. Daktari kasema tutarudia kipimo, na ikibaki hivyo atajifungua kati ya wiki ya 38 na 39, ikipanda atajifungua mapema zaidi ya hapo. Nilipomuuliza mama mkwe akanyamaza, halafu akasema mimba ya huyuhuyu mke wangu alikuwa analala miguu iko kwenye mchanga mbichi uani.

Zulia nimelihamishia jikoni. Jana usiku nimemkuta huko.

MkungaMstaafu
Litupe. Na kucha zake umkate wewe, fupi kabisa.