Mama ana ngiri kwenye mshono wa oparesheni, ngozi imeanza kutoa kidonda. Naombeni ushauri

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 61. Aliwahi kufanyiwa oparesheni ya utumbo, mshono ukatunga usaha, baadaye ukatoka uvimbe palepale. Akilala unarudi ndani, akisimama unatoka. Sasa umekuwa mkubwa, ngozi yake inang'aa, nyembamba mpaka utumbo unaonekana ukicheza, na kuna kidonda hakiponi. Anakohoa pia. Kwa kuwa haumwi, anajifunga kanga tu, anasema tusubiri mavuno yaishe. Tusubiri?

Nesi Mstaafu: Marahaba mwanangu. Msisubiri. Watu wengi huogopa utumbo kunasa na kukosa damu, na hilo lipo. Lakini ngozi ikishakuwa hivyo inaweza kupasuka, utumbo ukatoka nje. Ni nadra, ila kikohozi au kujikamua chooni kunatosha kuipasua. Ikitokea, msiurudishe kwa mikono. Funikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, asile wala asinywe, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mtu wa Pwani: Pole sana. Kwetu ngiri hukandwa kwa mafuta ya nazi, jaribuni kwanza.

Daktari Kijana: Hapana mkuu, tafadhali. Tundu linalopitisha utumbo liko kwenye misuli, hakuna mafuta yanayoliziba, na kuikanda ngozi ile ni kuipasua. Kitindamimba, hospitalini watashughulikia kidonda na kikohozi, watapima sukari. Wakati wa upasuaji, wavu wa kuimarisha misuli ukiwekwa penye usaha unaweza kuingiwa na vijidudu. Tena ngiri ikiwa kubwa sana tumbo hupoteza nafasi, utumbo wote ukirudishwa kwa mkupuo mgonjwa anabanwa pumzi. Ndiyo maana anahitaji daktari bingwa wa upasuaji. Uvimbe ukiwa mgumu, ukaacha kurudi, ukauma, au akatapika, ni dharura. Msidanganyike kwa kuwa bado anapata choo: wakati mwingine hunasa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, choo kinaendelea huku pale panaoza.

Kitindamimba: Asanteni sana. Nimeongea na kaka, kesho asubuhi tunampeleka hospitali ya mkoa. Kanga aendelee kufunga?

Nesi Mstaafu: Asiikaze juu ya kidonda, itakichubua zaidi. Wekeni shashi safi, na njiani akitaka kukohoa ashikilie uvimbe taratibu kwa viganja viwili. Ndoo za maji asinyanyue hata leo.