Trigliseridi (mafuta kwenye damu) zimepanda: mafuta ya mshipani yafungwe au yapunguzwe?

MuuguziZamu
Wadau, kichanga wa kilo 2.4, kafanyiwa upasuaji wa utumbo, analishwa kwa mshipa. Mafuta ya 20% yalipandishwa juzi kutoka gramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku. Leo trigliseridi ni 3.6 mmol/L. Kuna wanaotaka yafungwe kabisa. Ni sawa?

Mfamasia_wa_Wodi
Kwanza sampuli ilivutwa wapi? Ikitoka kwenye laini ileile inayopitisha mafuta, majibu hayo ni ya kutupa. Rudieni upande mwingine.

Pili, pampu. Gramu 3 × 2.4 ni 7.2, mafuta ya 20% yana gramu 20 kwa kila mL 100, kwa hiyo ni mL 36, sawa na mL 1.5 kwa saa kwa saa 24. Kosa baya hapa ni kubadilishana mwendo wa pampu mbili. Mafuta yakipewa mwendo wa drip ya glukosi, tuseme mL 8 kwa saa, dozi ya siku nzima inaisha kwa saa nne na nusu. Fuateni mrija kwa mkono, toka sirinji hadi kwa mtoto, ndipo msome namba.

DktLisheWatoto
Hesabu zikiwa sawa, punguzeni, msifunge. Kwa kichanga kikomo ni 3 mmol/L, kwa mtoto mkubwa 4.5. Rudini gramu 1.5 hadi 2, mpime tena baada ya siku moja au mbili, na mtafute maambukizi: sepsisi (maambukizi makali ya mwili mzima) hupunguza kasi ya mwili kuondoa mafuta.

Mkifunga, asidi ya linoleiki (mafuta ya lazima ambayo mwili hauwezi kujitengenezea) hukatika, na kwa njiti upungufu huja ndani ya siku chache tu. Mafuta ya soya, nusu gramu kwa kilo huuzuia. Yale ya mchanganyiko wenye samaki yana linoleiki kidogo, kiasi hicho hakitoshi. Wala msifidie kalori kwa kurundika glukosi, maana ini huigeuza mafuta na trigliseridi zitapanda palepale.

MuuguziZamu
Asanteni. Na kichujio je? Cha mikroni 0.2 kinaziba kila mara.

Mfamasia_wa_Wodi
Lazima kizibe, matone ya mafuta hayapiti humo. Wekeni cha 1.2. Hicho nacho kikiziba, msikitoe ili drip iendelee: simamisheni, mkague chupa. Mkiona tabaka la njano juu, emalsheni (mchanganyiko wa mafuta na maji) imeharibika, imwageni.