Paka wangu alikwama mkojo, daktari kasema ale chakula chenye maji, naye hakitaki kabisa. Naombeni ushauri

MamaUkwaju

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu wote shikamooni. Nimekuja na jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila mimi limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina paka dume anaitwa Ukwaju, kwa ile rangi yake. Ana miaka 6, amehasiwa, kilo 4 na nusu. Nilimpata akiwa na miaka miwili kwa Mjerumani tuliyekuwa tunaishi naye jengo moja hapa Upanga. Mkataba wake wa kazi ulipokwisha akarudi kwao, akaniachia paka, kikapu na mfuko wa biskuti za paka. Tangu siku hiyo Ukwaju anakula biskuti tu. Samaki hali. Majirani wanashangaa, paka wa Dar asiyekula samaki! Ukimwekea kichwa cha changu anakinusa, anarudi nyuma, anakung'uta mguu kama aliyekanyaga maji.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta kwenye beseni lake la mchanga anachuchumaa, anatoka, anarudi tena, analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikadhani amefunga choo. Asubuhi hakuwa na nguvu hata ya kuruka kitandani. Daktari wa mifugo alipomshika tumbo tu akasema kibofu kimejaa na kimekuwa kigumu, mkojo umezibwa na vijiwe vidogo kama mchanga. Wakamwekea mpira, akalazwa siku tatu. Niliambiwa ningengoja siku moja zaidi ningempoteza.

Nikapewa dawa za siku 7 na agizo moja kubwa: apunguze biskuti, ale chakula laini cha pakiti chenye mchuzi, ili maji yapite kwa wingi kibofuni.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Siku ya kwanza alikula nusu pakiti bila shida, nikamshukuru Mungu. Kuanzia siku ya pili akikiona tu anaparua sakafu kando ya sahani, vile anavyofukia kinyesi chake. Nimejaribu kuku, nimejaribu jodari. Pakiti moja nanunua 3,500 na zote zinaishia kwa paka wa chini getini. Jana asubuhi nikaamua kumnyima biskuti kabisa ili alazimike. Mpaka naandika hapa ni kama saa 36 hajala kitu. Amekaa mbele ya kabati la biskuti ananitazama. Niendelee kushikilia, au nafanya kosa?

FundiWaChangombe

Pole sana dada. Kwa uzoefu wangu shikilia hapohapo. Nyumbani tulikuwa na paka wanane, hakuna aliyechaguliwa chakula. Mnyama hawezi kufa njaa na chakula kiko mbele yake. Ukilegeza leo amekuweza.

DktMifugoMoro

Dada, kabla hujasoma neno jingine inuka umpe biskuti zake. Sasa hivi.

Fundi, nakuheshimu ndugu yangu, na najua umesema kwa nia njema. Lakini paka kwa hili ni tofauti na mbwa, na tofauti na sisi. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unayeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia. Mafuta yanajaa humo, ini linalemewa, unaona masikio na ufizi vinageuka njano. Akifika hapo hata hamu ya kula hana tena, inabidi alishwe kwa mpira. Walio wanene ndio wanaofika huko haraka. Kwa hiyo paka anaweza kabisa kufa njaa na sahani iko mbele yake.

Akishakula, nijibu maswali mawili. Hizo dawa za siku 7 ulimpaje? Na alianza kukikataa chakula laini siku ipi hasa?

MamaUkwaju

Dokta nimempa. Amekula kwa pupa mpaka machozi yamenitoka. Asante.

Dawa ni vidonge. Kwa mkono alinikwaruza vibaya, kwa hiyo nilikuwa nakisaga kidonge nakichanganya na chakula cha pakiti. Nilianza usiku wa siku ya kwanza. Alikula kidogo akaacha. Na ndiyo, kuanzia kesho yake hakugusa tena.

DktMifugoMoro

Basi umepata jibu la nusu ya tatizo. Vidonge vingi ni vichungu, na paka anauonja uchungu vizuri sana, ingawa utamu wa sukari hausikii kabisa. Siku ya kwanza alikuwa amekubali. Usiku ukampa chakula kilekile kina uchungu, tena tumbo lake bado halijatulia baada ya kulazwa. Paka akishaunganisha harufu fulani na uchungu au kichefuchefu, anakumbuka. Kwake kile chakula kimeharibika, ndiyo maana anakifukia.

Nusu ya pili ni malezi yake. Paka anajifunza kipi ni chakula akiwa mdogo, kwa kufuata anachokula mama yake na kile anachopewa miezi ya mwanzo. Aliyelelewa kwa kitu kikavu kinachovunjika mdomoni, ukimwekea kitu kinachoteleza hakitambui kuwa ni chakula.

Kwa hiyo: dawa isichanganywe tena na chakula. Kidonge kiweke nyuma kabisa ya ulimi, kisha msukumie maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo. Mviringishe taulo kwanza, abaki kichwa tu. Halafu achana na ile aina uliyotilia dawa, achana na ile sahani, na hata pale ulipokuwa unamwekea. Anza upya kama mgeni.

Na uelewe kwa nini daktari wako amekazania maji. Paka wa uzito huo anahitaji kama mililita 200 na kidogo kwa siku, ya kunywa na ya kwenye chakula kwa pamoja. Gramu 55 za biskuti zina maji mililita 5 au 6 hivi. Pakiti moja ya gramu 85 ina zaidi ya 60. Asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa nchi kame, maji yake aliyapata ndani ya panya na ndege, kwa hiyo kiu yake ni ndogo. Akila vikavu hafidii pengo lote kwa kunywa. Mkojo unakuwa mzito, na dume njia yake ni nyembamba.

FundiWaChangombe

Dokta nimekuelewa, nafuta ushauri wangu. Dada samahani, ningekuponza. Hilo la ini sikuwahi kulisikia, na nikikumbuka yupo paka wetu mmoja aliyekwenda hivyohivyo, tukasema kalogwa.

BibiWaMalindiUnguja

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeishi na paka miaka mingi hapa mjini, na wengine huja wenyewe mlangoni, huwezi kumfukuza kiumbe aliyekujia ana njaa.

Mimi nakwambia anza na supu, achana kwanza na hiyo nyama ya pakiti. Chukua kipande cha samaki mweupe, kibua asikufae kwa kuwa ana mafuta mengi, chukua changu au chewa. Mchemshe kwa maji matupu. Chumvi usitie. Kitunguu usitie, thomu usitie, ndimu usitie. Wewe utaona haina ladha, yeye ladha yake ni ile harufu. Chuja miba yote kwa kitambaa. Mpe supu peke yake, vijiko viwili, ikiwa na uvuguvugu wa kidole. Akiramba, mwache. Kesho tena. Siku ya nne au tano mchambulie nyuzi chache za samaki ndani yake.

Na usimsimamie! Sisi tukimpenda mtu tunamkalia mbele tunamwambia kula, kula. Paka hapendi. Weka, ondoka, kashughulike na mambo yako.

DktMifugoMoro

Shikamoo Bibi. Hapo kwenye kitunguu na kitunguu saumu umesema jambo la kuokoa maisha, vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa. Naongeza tu: supu na samaki wa nyumbani viwe kivutio, visizidi kama sehemu moja ya kumi ya anachokula. Paka lazima apate taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu moyo na macho yake vinaharibika. Vyakula vya paka vya kununua vinaongezewa, sufuria yetu haiongezewi. Na kwa kuwa sehemu ya taurini inatoka na kubaki kwenye maji ya kuchemshia, ile supu usiimwage.

OmenaNyali

Hujambo mama Ukwaju, nakuandikia kutoka Mombasa. Wangu alikuwa hivyohivyo, wa biskuti tangu utotoni. Nililoweka biskuti kwa maji, akazikataa. Zikilainika huwa ni kama uji na yeye alitaka zile za kuvunjika. Kilichonisaidia ni kinyume chake. Nilichukua kijiko kimoja tu cha chakula laini, nikazitwanga biskuti zake kwenye kinu mpaka zikawa unga, nikamnyunyizia huo unga juu mpaka chakula chote kikafunikwa. Pua yake ikasoma biskuti. Alilamba unga, ulimi ukagusa kilicho chini. Wiki nzima kijiko kimoja. Kisha unga nikaupunguza polepole.

La pili: usiache biskuti sahanini mchana kutwa. Paka anayedonoadonoa kila saa hana njaa ya kujaribu kitu kipya. Weka nyakati, asubuhi na jioni, dakika ishirini thelathini, halafu ondoa. Hiyo si kumnyima, kwa siku anapata kiasi chake kizima.

Pia nilitumia unga wa omena, nyinyi mwaita dagaa.

DktMifugoMoro

Yote ya Nyali nayaunga mkono. Kwenye dagaa tu tahadhari, kwa kuwa Ukwaju ana historia ya vijiwe na dagaa wana madini mengi: iwe chembe ya kushika kwa vidole viwili, si kijiko. Na aangalie ni dagaa gani. Wa baharini, hasa wanaotoka Unguja, wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hao hapana. Wa Mwanza kwa kawaida hawana chumvi lakini wengine wameanikwa mchangani, waoshe na kuwakausha kwanza.

Kupasha moto usikose. Zamisha pakiti ikiwa imefungwa kwenye bakuli la maji ya moto dakika chache, chakula kifikie joto la mwili, kama la panya aliyekamatwa sasa hivi. Kikitoka kwenye friji hakina harufu, na paka bila harufu hali.

MamaUkwaju

Narudi na taarifa, leo siku ya 6. Vidonge vimekwisha kwa njia ya taulo, alinichukia siku mbili ila sasa tumepatana. Nimehamisha sahani kutoka jikoni kwenda chini ya dirisha la sebuleni, sahani bapa ya udongo. Supu ya Bibi aliiramba siku ya pili, vijiko vyote viwili. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia, nikajizuia nisipige kelele.

Tatizo jipya ni sisimizi. Kwa joto hili, chakula laini kikikaa dakika kumi wameshapanga mstari, na wakiwepo hagusi.

BibiWaMalindiUnguja

Sisimizi dawa yake maji mwanangu. Weka sahani yake katikati ya sinia, sinia utie maji kidogo. Hawavuki. Na kisichoisha ndani ya saa moja kitupe, joto la pwani si la kuacha samaki chini.

MamaUkwaju

Siku ya 13. Unga wa biskuti juu ya kijiko kimoja cha kuku laini: siku nne za kwanza alilamba unga akaacha kilichobaki. Siku ya tano alimaliza. Nilirudi kuangalia mara mbili kama kweli sahani ni tupu. Nimegundua ile ya vipande kwenye mchuzi anachagua mchuzi tu, lakini ile iliyosagwa laini kabisa anaila yote. Kumbe hata ndani ya chakula laini wana chaguo lao.

OmenaNyali

Sasa usiharakishe. Mimi hapo ndipo nilipoharibu, nikafurahi nikampa pakiti nzima, tukarudi mwanzo. Ongeza nusu kijiko kila baada ya siku tatu nne.

MamaUkwaju

Siku ya 27. Anakula pakiti moja na nusu kwa siku, nusu yake naizidishia maji ya vuguvugu vijiko viwili. Biskuti bado anapata gramu 20 usiku, sitaki kumvunja moyo. Uzito nimempima kwa kumbeba kwenye mizani yangu na kutoa uzito wangu, haujapungua.

Ila ninachokifuata kila siku ni beseni la mchanga. Kabla ya kuugua nilikuwa naokota donge moja la mkojo, mara nyingine mawili, madogo kama ubuyu. Leo nimeokota matatu, kila moja limejaa kiganja, na anakojoa mara moja anatoka anakimbia zake. Halii. Kwa yeyote mwenye dume aliyehasiwa nyumbani, naomba aangalie mchanga kila siku. Akiona paka anachuchumaa mara kwa mara na hakuna kitu, asingoje asubuhi kama mimi. Wala asimpe panadol akidhani anamtuliza, daktari aliniambia hata kidonge kimoja kinaua.

Dokta, kipimo cha mkojo ni Jumanne. Nitaleta majibu hapahapa. Na Bibi, leo mchana nilikuwa nachambua changu wa chakula chetu, akaja akakaa miguuni kwangu. Nikamdondoshea unyuzi mmoja, amekula.