Mrejesho: gitaa kavu au la pikapu kwa anayeanza

Salaam wakuu. Ni mimi niliyeuliza kama anayeanza anunue gitaa kavu, yaani lisilo na umeme, au lile la pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi), la kuchomeka kwenye spika. Ahsanteni kwa majibu, hata yale makali.

Nilifuata wengi: nikachukua kavu, la mtumba, hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Aliyeniambia nipime nyuzi zimenyanyuka kiasi gani juu ya shingo pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), Mungu ambariki. La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa linang'aa kama kioo, lakini uzi mnene umenyanyuka zaidi ya milimita 4. Kuubana tu ni adhabu. Nililonunua lina kama 2.5, na kordi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) za G, C na D sasa zinatoka safi. F bado inanitoa jasho.

Hilo kavu nililijaribu pia na pikapu ya kubandika, haikunifaa sana. Nyumbani sawa, ila kwenye hafla moja Likoni, kila nikisogea karibu na spika inapiga mluzi. Anayejua atapiga mbele za watu karibuni, bora achukue lenye pikapu ya kiwandani na betri ya volti 9. Vitufe vya sauti viko ubavuni, unapunguza mwenyewe. Mimi ni wa barazani, sijutii.

Ambalo hakuna aliyelitaja ni hewa ya bahari. Nyuzi za chuma zilishika kutu upesi mno. Sasa nikimaliza nazipangusa kwa kitambaa kikavu, na ndani ya mkoba nimetia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Seti ya pili inakwenda vizuri.